Kisanduku cha Ndiyo

Likizo nzima ya kiangazi, kabla jua halijachomoza nyuma ya maghala ya nafaka ya kijiji cha Maple Fork, Adela Kubicek alikuwa ameshavaa viatu vyake vya mpira na kushika ndoo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na alikuwa na mtamba mmoja wa kumshughulisha kuliko mifugo yote ya baba yake. Mtamba huyo alikuwa mwekundu mwenye uso mweupe, na puani alikuwa na madoa madogo meusi. Kwa sababu ya madoa hayo alimwita Maki. Maki ni jina la zile mbegu nyeusi ambazo bibi yake huzijaza katikati ya mikate midogo mitamu iitwayo kolachi, kama wazee wao walivyozijaza tangu wavuke bahari kuja jimbo la Nebraska.

Kila alfajiri alimwosha Maki kwa sabuni, akamkausha kwa feni kubwa, akamchana manyoya kuelekea mbele mpaka yakasimama kama zulia jipya. Kisha alimvisha kamba ya kichwa na kumtembeza mpaka barabarani na kurudi. Maki alikuwa mkaidi. Mtu mwingine akishika kamba, husimama kama nguzo ya umeme. Adela akishika, huenda.

"Huyo ng'ombe anadhani wewe ndiye mama yake," Juni, mdogo wake wa miaka tisa, alimwambia siku moja.

"Na wewe hata kuku hakuamini," Adela akamjibu. "Kaa mbali, usimtishe."

Ilikuwa imebaki wiki moja tu kabla ya maonyesho ya kaunti. Mwaka uliopita hayakufanyika kwa sababu ya korona, na watoto wa klabu ya wafugaji walilia mbele ya mabanda matupu. Mwaka huu yalirudi, ila ugonjwa ulikuwa umeanza kupanda tena, na chanjo ya watoto wa umri wa Adela ilikuwa bado haijatoka. Kwa hiyo kamati ilileta fomu. Mtoto aliyekaa karibu na mgonjwa hangeingia uwanjani mpaka apimwe na majibu yaseme hana virusi.

Adela aliisoma fomu hiyo juujuu, akaibandika kwenye friji. Haikumhusu. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Jumanne jioni simu ya mama yake ililia. Alikuwa Brenna, rafiki wa Adela wa klabu, na sauti yake ilikwaruza kama mlango wenye kutu.

"Adela, nimepimwa. Ninayo."

"Una nini?"

"Korona. Na Jumapili, pale tulipokuwa tunawaosha ng'ombe..." Brenna akakohoa. "Koo lilikuwa limeshaanza kuniwasha. Nilinyamaza. Nilijua nikisema, Mama hataniruhusu kuja kwenye mazoezi. Na wewe ukanywa maji kwenye chupa yangu."

Adela alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Alitaka kumfokea, lakini Brenna alikuwa analia, na mtu hawezi kumfokea anayelia na kukohoa kwa pamoja.

"Pole," akasema mwishowe. "Na ndama wako je?"

"Anabaki nyumbani. Mimi sina mtu wa kumwongoza."

Jumatano asubuhi Baba aliwasha pikapu, wakaenda hadi duka la dawa la mjini, mwendo wa dakika arobaini katikati ya mahindi. Hawakuteremka. Waliingia kwenye foleni ya magari mpaka wakafika kwenye dirisha la kioo. Nyuma ya kioo alikuwepo mama mmoja mwenye koti jeupe na barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Droo ya chuma ikasukumwa nje hadi mlangoni mwa gari. Ndani yake mlikuwa na fomu, kalamu, kichupa na kijiti chenye pamba.

Baba akajaza fomu. Alipofika penye namba ya simu aliguna. Duane Kubicek hakupenda kumpa namba yake ya mkononi mtu asiyemjua. Alisema ndiyo chanzo cha wauza bima kumsumbua akiwa kwenye trekta. Akaandika haraka haraka, akarudisha karatasi kwenye droo.

"Mtoto ajipime mwenyewe, mimi nitamtazama," sauti ya yule mama ilitoka kwenye spika. "Ingiza kijiti puani, si ndani sana. Zungusha mara tano. Haya, tundu la pili."

Macho ya Adela yakajaa machozi, akapiga chafya iliyotikisa kioo cha gari.

"Maki alitobolewa sikio na hakupiga kelele namna hiyo," Baba akamtania.

"Baba! Si ujitie wewe uone!"

Yule mama akacheka nyuma ya barakoa zake. "Umefanya vizuri, binti. Majibu ni siku mbili, huenda tano. Mpaka hapo kaa nyumbani, usichanganyike na watu."

"Siku tano?" Adela akaruka kwenye kiti. "Maonyesho ni Jumamosi!"

"Sasa hivi wanaopimwa ni wengi, mpenzi. Maabara nayo ina foleni yake." Droo ikarudi ndani, na gari la nyuma yao likapiga honi.

Basi kungoja kukaanza. Nyumbani kwao mtandao hushika mahali pamoja tu, kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, kati ya sabuni ya vyombo na chungu cha maua. Simu ya Mama ikawekwa hapo kama mgonjwa anayechungwa. Alhamisi Adela aliitazama asubuhi, akaitazama baada ya kumwosha Maki, akaitazama katikati ya chakula mpaka Mama akamwambia, "Ukiikodolea macho haitazaa." Ikalia mara moja. Alikuwa Juni, aliyekuwa kwa Bibi tangu Jumamosi iliyopita, kabla ya yote haya, akimsaidia kutia matango kwenye siki.

"Dada, yamekuja?"

"Hayajaja. Kata simu, unaziba njia!"

Ijumaa mchana Mama aliamua kupiga simu duka la dawa. Alisikilizishwa muziki kwa nusu saa, mpaka Adela akaukariri. Hatimaye kijana mmoja akapokea.

"Sisi huku dirishani hatuyaoni majibu, mama. Maabara ikimaliza, watawapigia wenyewe, kwa namba ile mliyoandika."

"Sawa, asante," Mama akasema, akairudisha simu kizingitini.

Saa kumi ikapita. Fomu ilitakiwa kwa Bwana Emil Hruska, kiongozi wa klabu, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja na nusu Baba akaitoa kwenye friji, akaiweka mezani na kalamu juu yake. Ilikuwa na maswali matatu na visanduku vya kutia alama. Una homa? Hapana. Unakohoa? Hapana. Swali la tatu liliuliza: *Je, unasubiri majibu ya kipimo?*

Baba mdogo Denis, aliyekuja na trela la kumbeba Maki, alikuwa amesimama nje ya dirisha la jikoni, kofia imerudi kisogoni.

"Bado mnaitazama hiyo karatasi?" akaita. "Mtamba hana mafua, mtoto hana mafua. Mnaogopa nini, wino?"

"Denis, nyamaza," Mama akasema.

"Nasema kweli, shemeji! Mtoto ana nguvu kama punda. Tieni alama kwenye Hapana, twendeni. Kesho majibu yatakuja yakisema hana kitu, na nani atakuwa amedhurika?"

Adela alimtazama baba yake. Aliona kwamba Baba naye ametamani. Aliliona hilo kwa jinsi alivyokuwa akiisugua kalamu kwa kidole gumba. Baba ndiye aliyeamka naye usiku ule Maki alipozaliwa kwenye theluji. Alijua ni alfajiri ngapi zimo ndani ya yale manyoya yaliyochanwa.

"Kisanduku hiki ni chako," Baba akasema taratibu, akamsogezea kalamu. "Mimi natia sahihi chini ya kile utakachosema wewe."

Adela akaishika kalamu. Akamwona Maki anaingia uwanjani, kichwa juu. Akauona utepe wa zambarau, ule wa mshindi wa kwanza. Kalamu ikaelekea Hapana.

Halafu akamwona Bwana Emil. Watoto wote humwita Babu Emil. Kila mwaka yeye ndiye husimama kwenye mizani ya ng'ombe, na kwa sababu masikio yake yamechoka, huinama hadi usoni mwa mtoto ili alisikie jina vizuri, kisha humpiga mgongoni, pa! na kusema, "Kazi nzuri." Majira ya baridi yaliyopita Babu Emil alilala hospitali wiki tatu kwa mapafu. Alirudi amekonda, na sasa alipotoka banda moja kwenda jingine ilimbidi asimame katikati ashike ukuta, avute pumzi.

"Brenna naye hakuwa na homa Jumapili," Adela akasema, kana kwamba anazungumza na kalamu. "Koo lilimwasha tu. Na alinyamaza."

Akatia alama kwenye Ndiyo. Aliikandamiza kalamu hata karatasi ikatoboka. Kisha akalaza kichwa mezani akalia, na Mama akamshika mabega, na nje Baba mdogo Denis akaivua kofia yake.

Baba alitia sahihi, akampigia Babu Emil. Kwenye simu walisikia pumzi kwanza, ndefu, ndipo sauti.

"Mpe simu mtoto... Adela? Kanuni inasema mnyama anaweza kuongozwa na mwanachama mwingine wa klabu. Juni si alijiunga mwaka huu?"

"Juni?" Adela akajifuta pua. "Babu Emil, Juni hawezi hata kumwongoza paka."

"Basi, kiangazi hiki jua huchelewa kuzama; una saa mbili na nusu kabla ya giza," Babu Emil akasema. "Mfundishe."

Bibi Libuse alimleta Juni kwa gari lake kuukuu, wote wawili wananuka siki. Denis akamfungua Maki malishoni. Adela akabaki upande wake wa uzio, hatua ishirini kutoka kwao, barakoa usoni.

Juni akavuta kamba. Maki akasimama kama nguzo.

"Unamvuta kama gunia la mahindi!" Adela akapiga kelele.

"Si uje umvute mwenyewe, basi!" Juni naye akafoka.

Juni akauziba mdomo kwa mkono. "Dada, samahani. Sikukusudia."

Adela akaushika uzio. Kwa miezi mitano hakuwahi kumwambia mtu siri zake za Maki. Zilikuwa zake. Sasa akazitoa moja baada ya nyingine, juu ya uzio, kama mtu anayegawa nguo zake nzuri.

"Usimtazame machoni, anadhani unamtisha. Simama begani kwake. Mkune hapo chini ya taya. Hapo hapo. Sasa piga ulimi mara mbili, halafu wewe ndiye utangulie, usimngoje. Ukimngoja, naye anakungoja."

Juni akakuna. Akapiga ulimi mara mbili. Akatembea bila kugeuka nyuma, macho ameyafumba kwa hofu. Na Maki akamfuata.

"Fumbua macho, utaingia mtaroni!" Adela akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Walirudia mpaka jua likazama. Kwa ile fimbo ndefu ya kumpangia ng'ombe miguu, Juni alijifunza kuisogeza miguu ya Maki isimame sawasawa, kila mmoja kwenye pembe yake. Alikosea mara nyingi. Kila alipokosea, Adela alilihisi neno baya likimpanda kooni, na kila mara alilimeza akasema, "Tena."

Jumamosi saa nne asubuhi pikapu ya Baba iliegeshwa nje ya uzio wa uwanja wa maonyesho, mbali na watu, vioo vimepandishwa. Adela alimwona Juni akiingia. Shati jeupe la klabu lilikuwa la Adela. Mikono ya shati ilikuwa imekunjwa mara tatu. Namba mgongoni ilikuwa ya Adela pia, 214.

Kwenye lango Maki akasimama.

"Usimvute," Adela akanong'ona ndani ya gari. "Usimvute, Juni, usimvute."

Juni hakumvuta. Alisogea begani, akamkuna chini ya taya. Adela hakuweza kusikia kitu kutoka pale, lakini alijua ulimi umepigwa mara mbili. Maki akanyanyua kichwa, akaingia.

Mwamuzi aliwazunguka wote mara tatu. Akamgusa Maki mgongo, akarudi nyuma, akatazama tena. Mwishowe aliinua mkono, na kipaza sauti kikasema maneno ambayo Baba alishusha kioo kidogo ili yaingie:

"Utepe wa buluu, mshindi wa pili wa kundi hili: mtamba Maki. Anaongozwa na Juni Kubicek." Kisha sauti nyingine, yenye pumzi nzito, ikakichukua kile kipaza sauti. Alikuwa Babu Emil. "Na amelelewa na kufunzwa na dada yake, Adela Kubicek, ambaye leo yuko ndani ya ile pikapu kule nje kwa sababu aliandika ukweli kwenye fomu yangu. Wanaklabu, mgeukieni."

Watu wote kwenye mabenchi wakageuka. Wakapiga makofi kuelekea pikapu chafu yenye tope magurudumuni. Baba akabonyeza honi, mara moja, ndefu. Adela alijificha uso kwa viganja, lakini katikati ya vidole alitazama. Uwanjani, Juni alikuwa ameinua utepe juu ya kichwa chake na kuuelekeza kwake.

Hadithi ingeweza kuishia hapo. Lakini Jumapili mchana Baba alikwenda karakana kutafuta spana. Huko ndiko kuliko na ile simu ya zamani ya shamba, yenye mashine ya kupokea ujumbe ambayo hakuna aisikilizaye, kwa kuwa wapigao ni wauza mbegu tu. Taa yake nyekundu ilikuwa inamwekamweka. Baba akabonyeza.

Alirudi jikoni bila spana, uso umemshuka. Wote walikuwepo, na Bibi amekuja na Juni na sinia la kolachi, wakabaki barazani, upande wa pili wa mlango wa wavu.

"Majibu yamekuja," akasema. "Adela hana virusi." Mama akapiga kofi la furaha, lakini Baba akainua mkono. "Yalikuja Ijumaa. Saa tisa alasiri. Niliandika namba ya karakana, nikasahau."

Adela alihesabu kichwani: saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Saa tatu nzima.

"Ningeweza kuingia," akasema. Sauti yake ikapanda. "Baba, ningeweza kuingia mwenyewe! Niliandika Ndiyo bure!"

"Kosa ni langu," Baba akasema. "Si la duka la dawa, si la maabara. Ni langu mimi na ubishi wangu wa namba ya simu. Nisamehe, mwanangu."

Adela alitaka kukasirika naye. Lakini aliona ni kitu kigumu alichokifanya, kusimama mbele ya watoto wake na kusema hivyo, wakati angeweza kuufuta ule ujumbe kule karakana na kunyamaza. Akamwendea, akamkumbatia kiunoni.

Bibi Libuse akafungua mlango, akaingia na Juni, akaweka sinia mezani.

"Njoo hapa, mjukuu wangu," akasema. "Ijumaa jioni, uliposhika kalamu, ulikuwa unajua una virusi?"

"Hapana."

"Ulikuwa unajua huna?"

"Hapana, Bibi."

"Basi ulijua nini?"

Adela akafikiri. "Nilijua kwamba sijui."

"Na ndicho ulichoandika." Bibi akampa kolachi, ile yenye mbegu nyingi kuliko zote. "Watu hudhani kusema kweli ni kwa yale wanayoyajua tu. Kumbe kusema 'bado sijui, nangoja' nako ni kusema kweli, tena ni kugumu zaidi, maana tamaa ina haraka na ukweli hauna. Majibu yangekuja mabaya, ungekuwa umefanya sawa. Yamekuja mazuri, umefanya sawa vile vile. Jambo jema halingoji majibu ya maabara ndipo liwe jema. Wala usiseme bure. Emil amepumua bila hofu siku nzima ya jana, na huyu hapa," akamwonyesha Juni kwa kidevu, "amekuwa mfugaji."

"Hata kuku ananiamini sasa," Juni akasema, mdomo umejaa.

"Kuku bado," Adela akamjibu. "Ng'ombe, ndiyo."

Jioni ile gari la Babu Emil liliingia uani. Aliteremka polepole, akashika mlango, akavuta pumzi, akaja hadi kwa Adela. Aliinama usoni pake kama ilivyo desturi yake kwenye mizani.

"Jina?" akauliza.

"Adela Kubicek," akajibu kwa sauti kubwa.

Na Babu Emil akampiga mgongoni, pa!

"Kazi nzuri," akasema.